Shemeji wa Mfalme Rumanika na Mizani Yetu

SEHEMU YA 1

Nesi wenu nimerudi. Niliahidi tutaongelea kupunguza mwili, na tangu niahidi, ujumbe umejaa. Ukiusoma wote unakuta swali ni moja: "Sista, nataka nipungue lakini nisinyauke. Hivi mtu anaweza kupunguza kilo na wakati huohuo akajenga misuli?"

Jibu fupi: anaweza. Jibu refu linaanzia hapahapa kwetu, Bweranyange, mwaka 1861. Najua mlitarajia ratiba ya mlo. Itakuja sehemu ya 5. Kwanza tukae kidogo kwenye historia, maana nimegundua kliniki kwamba watu wetu wakipanda mizani hawapandi peke yao. Wanapanda na bibi zao, na mambo yaliyoupata mkoa huu. Usipoyajua hayo, utamshauri mtu mwaka mzima na hatakuelewa.

Nianze na mama mmoja, simtaji. Alikuja kupima presha, nikamkuta amepungua kilo 11 ndani ya miezi miwili. Wenzake kwenye benchi wakampigia makofi. Nikamuuliza, "Mama, umefanyaje?" Akasema asubuhi chai ya rangi, mchana maji ya ndimu, jioni vipande vitatu vya ndizi na mchuzi. Hana mazoezi, kalala sana kwa sababu hana nguvu. Nikamwambia asimame kwenye kiti bila kushika popote. Akajaribu mara ya kwanza, akarudi chini. Mara ya pili akanishika mkono. Umri wake ni miaka 46.

Yule mama hakupunguza mafuta tu. Aliuza na miguu yake. Mshikeni huyo mama akilini, tutarudi kwake.

SEHEMU YA 2

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanika wa Karagwe. Walitoka Zanzibar mwaka 1860, wakapitia Tabora, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila yeye wazungu hao wasingeelewana na watu njiani. Rumanika aliwapokea vizuri sana. Speke kwenye kitabu chake cha mwaka 1863 anamsifu kuliko karibu watawala wote aliowakuta safarini.

Sasa huko ikulu Speke akaona jambo lililomshangaza. Wake wa wakubwa walikuwa wanene kupita kiasi, na unene huo ulikuwa wa makusudi. Alimkuta mke wa kaka mkubwa wa mfalme, ameketi, hawezi kuinuka. Akauliza vyombo vyote vile vya maziwa ni vya nini. Mwenye nyumba akamwonyesha mkewe: kazi ya vyombo ndiyo hiyo, tangu usichana wanakunyweshwa maziwa, kwa kuwa ikulu mke mnene ndiyo heshima.

Baadaye akaenda kumpima shemeji mmoja wa mfalme. Alipima kwa futi na inchi, mimi nimegeuza kuwa sentimita: mkono wa juu kuzunguka 58, kifua 132, paja 79, ndama ya mguu 51, urefu kama 173. Pale pale ndani alikuwepo binti wa mama huyo, miaka 16, anakunywa maziwa, na baba yake kashika fimbo pembeni ili binti asiache kunywa.

Jina la mama huyo Speke hakuliandika. Aliandika mkono, kifua, paja na ndama, akasahau jina. Kila nikisoma hapo naumia, kwa sababu na sisi kliniki tunafanya hivyohivyo siku za foleni: "Kilo ngapi? Presha ngapi? Anayefuata!"

Lakini kuna kitu Speke alikiandika bila kujua uzito wake. Ili apate urefu, ilibidi mama asimame. Walihangaika wote wawili mpaka akasimama, na alipomaliza kupimwa akaanguka chini kwa kizunguzungu.

Ndugu zangu, kwangu mimi nesi hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vile vitano. Paja la sentimita 79 halikuweza kumsimamisha mwenye paja.

SEHEMU YA 3

Wengi mtasema, "Basi tatizo ni maziwa." Subirini.

Maziwa yale yalikuwa chakula kizuri. Maziwa yana protini kamili, ile inayojenga nyama ya mwili. Kama protini peke yake ingekuwa inajenga misuli, shemeji wa Rumanika angekuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko wote Karagwe. Alikunywa tangu utotoni.

Watazameni wengine waliokuwa wanaishi kwenye nchi ileile. Wana wa mfalme nao walilelewa kwenye nyumba ileile yenye ng'ombe, na Speke anawasifu kuwa vijana wa kupendeza, wenye adabu, wanaotembea na kwenda kuwinda. Halafu nje ya ikulu kulikuwa na wanawake wa Kinyambo, wakulima, wanaolima, wanaobeba kuni na mikungu ya ndizi kichwani, mtoto mgongoni. Hao hawakuwa na maziwa ya kuchezea, lakini walipanda na kushuka vilima hivi hivi tunavyopanda sasa kwa bodaboda.

Mwili unajenga unachotumiwa. Msuli ni kama mtumishi: ukimpa chakula bila kazi, anaondoka, ukimpa kazi bila chakula, naye anaondoka. Akipata vyote viwili anabaki, na anaongezeka.

Kuna ushahidi mwingine palepale ikulu, na ni wa mwanaume. Grant, mwenzake Speke, aliugua mguu. Jipu kubwa, usaha, goti likakaza, akawa hatoki kibandani. Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda, Grant akabaki Karagwe. Aprili mwaka huo ndipo naye akaondoka, amebebwa kwenye machela. Huyu alikuwa askari, mtu wa kutembea mamia ya maili. Miezi kadhaa ya kulala ikamfanya abebwe.

Yaani ikulu moja, msimu mmoja, watu wawili hawawezi kusimama. Mmoja kwa sababu ya heshima, mwingine kwa sababu ya kidonda. Miguu yote miwili ilinyimwa kazi.

Na siyo hadithi za kale tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wenye umri mkubwa, wenye afya, waliokubali kulazwa kitandani siku 10. Chakula walipewa, protini walipewa. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10 tu! Mpelekee habari hii yule ndugu yako anayemwambia mgonjwa wa nyumbani, "Wewe lala, usiguse kitu."

SEHEMU YA 4

Sasa sehemu ambayo ni ngumu kwangu kuiandika.

Zile enzi za vyombo vya maziwa hazikudumu. Miaka ya 1890 sotoka ilipita ikaua ng'ombe nchi nzima ya maziwa makuu, Karagwe ikiwemo. Ikaja serikali ya Wajerumani, ikaja ya Waingereza, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa Tanganyika. Ikulu ikabaki historia, makumbusho na jina la hifadhi: tangu 2019 tuna hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe na ya Ibanda-Kyerwa. Lakini wazo kwamba mwili mnene ni mwili uliotunzwa halikufutwa na sheria yoyote. Mwanamke akiolewa akanenepa, tunasema mume anamtunza. Akikonda, tunamwangalia mume.

Halafu ukaja mwaka 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoa wetu, Kagera. Watu waliupa ugonjwa jina la Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mto wenzetu waliuita Slim, maana ulimfanya mtu mwembamba, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wakauandika kwa jina hilohilo kwenye jarida la kitabibu la Lancet.

Nyie mliozaliwa juzi hamjui. Kipindi kile kukonda kulikuwa ni hukumu. Mtu akipungua shingo, majirani wanaanza kuhesabu. Wengine walivaa nguo mbili mbili ili waonekane wamejaa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya wale wa kwanza. Katikati hapo tumezika sana.

Mimi nilipoanza kupungua miaka mitatu iliyopita, nilikuwa na kilo 91 na sukari imeanza kupanda, mama yangu mdogo alikuja kutoka Nkwenda bila taarifa. Hakuniuliza. Alikaa siku mbili ananitazama nikila. Siku ya tatu akaniita jikoni akasema taratibu, "Mwanangu, mimi niliuguza wawili. Niambie tu, nitakuuguza na wewe." Nikamwonyesha majibu yangu ya vipimo vyote, nikamwonyesha na kiuno changu. Akalia, kisha akacheka, kisha akasema, "Haya, lakini usiwe mifupa."

Hiyo "usiwe mifupa" msiidharau. Nilipoisikia nilielewa kwa nini mama fulani anakubali kila dawa ya presha lakini akiambiwa apunguze mwili anahama kituo. Hana ubishi, ana kumbukumbu. Shemeji wa Rumanika anamwambia unene ni heshima, na miaka ya 1980 inamwambia wembamba ni kifo. Halafu nesi anamwambia, "Punguza kilo 15." Atasikia lipi?

Kwa hiyo mimi sisemi tena "punguza kilo." Nasema: tupunguze mafuta, tubakishe nguvu. Na hilo, waitu, linawezekana.

SEHEMU YA 5

Haya, wale wa ratiba, karibuni.

Mwili unaopungua unatoa nishati kwenye akiba. Akiba kubwa ni mafuta, lakini mwili ukinyimwa chakula kwa ghafla, na misuli haina kazi, unachoma na misuli. Mizani haikuonyeshi tofauti. Kilo moja ya mafuta na kilo moja ya msuli kwenye mizani ni kilo moja. Ndiyo maana yule mama wa kilo 11 alipigiwa makofi.

Kwa nini msuli una maana hivyo? Sukari ya chakula, sehemu kubwa inapokelewa na misuli. Ukipoteza misuli, umepoteza ghala la sukari. Mwenye kisukari, au mwenye dalili zake, akipungua kwa njaa anaweza kushusha kilo na bado akabaki na shida.

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichapisha utafiti wa vijana 40 wa kiume wenye uzito mkubwa. Wiki 4 walipunguziwa chakula sana na wakafanyishwa mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Nusu walipewa protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, nusu gramu 1.2. Wa kwanza walipoteza mafuta karibu kilo 4.8 na wakaongeza nyama ya mwili kilo 1.2. Wa pili walipoteza mafuta kilo 3.5 na nyama yao ikabaki ileile. Mnaona? Wote walikuwa na njaa, lakini hakuna kundi lililopoteza misuli, kwa sababu misuli ilikuwa kazini. Protini ya ziada ikaongeza jengo.

Sisi siyo vijana wa Kanada, na sitaki ufanye mazoezi makali siku 6. Kwa mtu wa kawaida fuata haya:

Kwanza, pungua polepole. Nusu kilo kwa wiki inatosha, isizidi kilo moja.

Pili, protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo. Kama una mwili mkubwa, hesabu kwa uzito unaoulenga. Anayelenga kilo 75 anahitaji gramu 90 hadi 120 kwa siku. Sasa tuangalie sahani yetu. Nusu kilo ya ndizi za kupika haifikishi gramu 8 za protini. Ndizi ni chakula chetu, siitukani, ila haijengi peke yake. Mayai mawili, gramu 12. Glasi mbili za maziwa za robo lita, gramu 16. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa, gramu 30. Dagaa wakavu gramu 50, karibu gramu 30. Karanga za kiganja, gramu 7. Jumla umefika 95 na hujanunua kopo la unga wa dukani hata moja. Msimu wa senene ukifika, nao ni protini, ila usiwazamishe kwenye mafuta.

Punguza ndizi ziwe robo ya sahani, mboga za majani nusu, protini robo. Sukari kwenye chai, soda na rubisi ndizo zinazokatwa kwanza.

Tatu, kazi ya misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri siku 2 au zaidi kwa wiki za mazoezi ya nguvu, pamoja na dakika 150 za kutembea kwa haraka au kazi inayofanana nayo. Nyumbani fanya hivi: kaa na kuinuka kwenye kigoda mara 10, sukuma ukuta mara 10, chukua dumu la lita 5 kila mkono, liinue mpaka usawa wa mabega mara 10, panda na kushuka ngazi ya mlango mara 10 kila mguu. Pumzika, rudia mara 3. Ikiwa rahisi, ongeza: kigoda kifupi zaidi, dumu la lita 10. Usipoongeza uzito, msuli hauna sababu ya kukua.

Mtaniambia, "Sista, mimi nalima, hayo ya nini?" Msimu wa kilimo sawa, hongera, umeshafanya nusu ya kazi. Lakini jembe ni la msimu, na linachosha mgongo kuliko linavyojenga miguu. Na wewe wa dukani Kayanga, wa ofisini Rubwera, wa bodaboda Omurushaka, ukae ukijua umekaa kama ikulu ya Rumanika, tofauti ni kiti tu.

Tahadhari: unayetumia dawa za kisukari, hasa sindano, usipunguze chakula bila kumwona mtoa huduma, sukari inaweza kushuka ghafla. Mwenye shida ya figo usiongeze protini bila ushauri. Mjamzito, huu siyo wakati wa kupungua. Na ukiona unapungua bila kutaka, njoo upime: sukari, kifua kikuu na VVU. Kupima siyo aibu, siku hizi kuna dawa na watu wanaishi.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Speke alipima vitu vitano akaondoka. Mimi nataka upime viwili.

Kimoja, kiuno, kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki mbili. Mizani inaweza kusimama mwezi mzima huku kiuno kinashuka. Hapo ujue mafuta yanatoka na msuli unaingia. Usikate tamaa.

Cha pili ndicho ninachokipenda. Kaa kwenye kiti kisicho na magurudumu, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara 5 haraka uwezavyo, mtu akupimie muda kwa simu. Kwa watu wazima, hasa wazee, zaidi ya sekunde 15 ni dalili kwamba miguu imeanza kuishiwa nguvu. Mwenye kizunguzungu afanye akiwa na mtu pembeni.

Yule mama wa kilo 11 tulianza naye upya. Tulimrudishia chakula kwanza, mayai, maharage, maziwa. Nyumbani kwake akawa anafanya kigoda kila baada ya siku moja, mjukuu anahesabu. Miezi mitano baadaye mizani ilionyesha ameongeza kilo 2 kulinganisha na siku ile aliyonishika mkono. Wenzake kwenye benchi safari hii hawakupiga makofi. Ila kiuno kilikuwa kimeshuka sentimita 6, presha imetulia, na mara 5 za kiti alimaliza kwa sekunde 12, bila kunigusa.

Alipomaliza alibaki amesimama. Akaniuliza, "Sista, nimekonda au nimenenepa?" Nikamwambia, "Mama, umesimama."

Kwenye kadi yake nimeandika kiuno, nimeandika sekunde, na juu kabisa nimeandika jina lake lote, matatu.

Leo usiku mpime mama yako, au mama mkwe, au wewe mwenyewe. Niandikie sekunde zako hapo chini, tuanzie hapo. Wiki ijayo tutaongelea magoti yanayouma, maana najua ndiyo sababu mtakayonipa.

Usiku mwema.